Udhaifu Unaohama: Historia Fupi ya Fyuzi na Rilei

Mwezi Juni 1915 askari wa Kiingereza walivuka Ziwa Victoria kwa meli kutoka Kisumu wakaishambulia Bukoba. Waliongozwa na Brigedia Jenerali James Stewart, na miongoni mwao alikuwamo Frederick Selous, mwindaji maarufu aliyekuwa na umri wa miaka 63. Bukoba ya wakati ule haikuwa na dhahabu wala reli. Walichokifuata ni kituo cha simu ya upepo ambacho Wajerumani walikijenga miaka michache kabla ya vita, chenye mnara mrefu wa chuma uliowaunganisha na wenzao wa Mwanza, ng'ambo ya maji. Tarehe 23 mji ulikuwa umeshikwa, mnara umeangushwa na nyumba zimeporwa. Kisha Waingereza wakapanda meli zao wakarudi walikotoka.

Kisa hiki husimuliwa katika habari za Vita Kuu ya Kwanza. Mimi ninakileta kwa sababu ya ufundi. Kazi ya kupeleka habari kwa umeme ndiyo iliyozaa vifaa viwili ambavyo leo vimo ndani ya kila gari linalopita kati ya Bukoba na Muleba, kuanzia basi la kwenda Mwanza hadi yale magari madogo ya abiria ambayo Kanda ya Ziwa huyaita michomoko. Kimoja ni fyuzi, kingine ni rilei. Dereva huvikumbuka siku taa zinapozimika usiku katikati ya migomba, au stata inapokataa kuzunguka stendi abiria wakiwa wamekwisha kaa. Hapo boneti hufunguliwa, kifuniko cheusi huondolewa, na watu huinama kutazama vidude vya rangirangi ambavyo hakuna aliyewahi kuwaeleza vimetoka wapi na vinafanya nini.

Fyuzi ilianza na radi. Katika miaka ya 1840 Ulaya ilikuwa inatandaza nyaya za telegrafu kando ya reli. Radi ilipopiga waya, umeme wake ulisafiri hadi ndani ya kituo, ukaunguza mitambo na kuhatarisha watu waliokaa mezani. Mwaka 1847 Louis Breguet, Mfaransa wa ukoo wa watengeneza saa, alitoa pendekezo ambalo ukilisikia mara ya kwanza linaonekana la kizembe: mahali waya mkubwa unapoingia kituoni, pawekwe kipande cha waya mwembamba sana. Radi ikija, kipande hicho kitayeyuka kwanza, njia itakatika, na mtambo utabaki salama.

Wahandisi wengi hutafuta namna ya kukifanya kifaa chao kiwe imara zaidi, lakini Breguet alitengeneza udhaifu kwa makusudi, akauweka mahali alipopachagua mwenyewe. Alijua kwamba radi ikipiga lazima kitu kife, na alichobakiwa nacho ni uamuzi wa kitu gani kife. Watu wa kandokando ya Ziwa Victoria, eneo ambalo ni miongoni mwa yenye radi nyingi kuliko yote duniani, hawahitaji maelezo marefu kuuelewa uamuzi huo.

Thomas Edison alipoanza kusambaza umeme mjini New York mwaka 1882, wazo hilo lilikuwa limekwisha hama kutoka kwenye telegrafu na kuingia kwenye taa za majumbani. Hofu sasa haikuwa radi. Ilikuwa shoti, yaani nyaya mbili kugusana mahali zisipotakiwa kugusana, umeme ukapata njia ya mkato na kukimbia bila kipimo. Joto linalozaliwa ndani ya waya huongezeka haraka kuliko umeme wenyewe: umeme ukiongezeka mara mbili, joto huwa mara nne, ukiongezeka mara tatu, joto huwa mara tisa. Ndiyo maana waya uliokuwa wa baridi kabisa unaweza kuwaka ndani ya muda mfupi. Fyuzi ni sehemu ya waya huohuo iliyotengenezwa ili ifike kwenye hatari kabla ya wengine.

Rilei ilizaliwa na tatizo tofauti, la umbali. Alama za telegrafu zilidhoofika kadiri waya ulivyorefuka, na baada ya safari ndefu umeme uliobaki haukuwa na nguvu ya kusukuma mtambo wa kupokelea. Mwaka 1835 Joseph Henry, mwalimu wa fizikia huko Princeton, Marekani, alionyesha namna ya kutoka kwenye mkwamo huo. Umeme dhaifu hauna nguvu ya kuzungusha mtambo, lakini unatosha kukigeuza kipande cha chuma kilichozungushiwa waya kiwe sumaku. Sumaku hiyo ndogo huvuta ulimi wa chuma, ulimi hugusa waya mwingine, na waya huo mwingine una betri yake yenyewe yenye nguvu mpya. Habari inaendelea na safari ilhali umeme ulioileta umeishia pale. Samuel Morse aliitumia njia hiyo katika telegrafu yake, na mwaka 1844 laini ya Washington hadi Baltimore ikafunguliwa.

Jina la kifaa hicho lilichukuliwa kwa farasi. Katika lugha za Ulaya lilikuwa neno la kubadilisha wanyama waliochoka njiani kwa wengine wapya, ili mjumbe na barua yake wasisimame. Kiswahili kina neno linalokaa hapo bila kulazimishwa, nalo ni kupokezana. Mwanafunzi aliyekimbia mbio za vijiti shuleni ameifahamu rilei: kijiti ni kilekile, miguu ni mingine.

Ndani ya gari hesabu yake ni rahisi. Chukua taa mbili kubwa za mbele, kila moja ya wati 55. Jumla ni wati 110, na kwa betri ya volti 12 hiyo ni zaidi ya ampia 9. Kama ungepitisha ampia zote hizo kwenye swichi ndogo iliyo karibu na usukani, ungehitaji waya mnene kutoka kwenye betri hadi mkononi mwa dereva na kurudi tena mbele, na swichi yenyewe ingeungua midomo baada ya muda. Kwa hiyo swichi ya dereva haiwashi taa. Inaamsha rilei tu, kwa umeme usiofika robo ya ampia, na rilei iliyo karibu na betri ndiyo inayobeba mzigo. Ile sauti ya "tak" unayoisikia chini ya dashibodi ni ulimi wa chuma ukivutwa na sumaku, kama ulivyovutwa katika chumba cha Henry.

Sumaku hiyo ina sharti moja. Chuma chake lazima kiwe laini, yaani kisiwe na kaboni nyingi, kwa sababu chuma laini husahau. Umeme ukikatwa, usumaku hutoka na ulimi unaachiliwa. Chuma cha pua, chenye kaboni, hushika usumaku na kukaa nao. Ukikitumia kwenye rilei, honi itaanza kulia na haitanyamaza.

Tofauti kati ya chuma hivyo viwili si habari ngeni Bukoba. Mwezi Septemba 1978 jarida la Science lilichapisha makala ya Peter Schmidt na Donald Avery kuhusu uyeyushaji wa chuma wa Wahaya. Wazee waliokuwa bado wanakumbuka kazi hiyo, iliyokuwa imekwisha kuachwa kwa miongo kadhaa, walijenga tena tanuru na kuonyesha namna mifereji ya udongo ya kupulizia hewa ilivyoingizwa ndani kabisa ya tanuru. Watafiti walidai kwamba hewa iliyopashwa moto kwa njia hiyo ilisaidia kupata joto kali, na kwamba chuma kilichotoka kilikuwa na kaboni ya kutosha kuitwa chuma cha pua. Mabaki ya matanuru waliyochimbua karibu na Ghuba ya Kemondo yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,500. Wataalamu walibishana juu ya undani wa dai hilo kwa miaka mingi, lakini hakuna aliyekanusha kwamba watu wa nchi hii walikuwa wakifua chuma tangu zamani sana.

Katuruka, si mbali na mji wa Bukoba, kuna mahali paitwapo Kaiija, pa kiwanda cha wafua chuma, panapohusishwa na mfalme Rugomora Mahe. Simulizi za huko husema kwamba mfalme huyo aliamuru ujengwe mnara wa chuma wa kufika mbinguni, na mnara ukaanguka. Schmidt alichimba mahali hapo kwa kuongozwa na simulizi hizo akakuta mabaki ya kazi ya chuma ya kale mno. Sitaki kudai kwamba hadithi ya mfalme ilitabiri mnara wa Wajerumani. Ninachosema ni kwamba mwaka 1915, mnara wa kituo cha simu ulipoanguka, watu wa Kyamutwara tayari walikuwa na hadithi ya mnara wa chuma ulioanguka.

Magari yalichelewa kuhitaji vifaa hivi. Gari la kwanza kabisa lilikuwa na umeme wa kuwasha petroli tu. Taa ziliwaka kwa gesi, na injini iliwashwa kwa kuzungushwa kwa mkono. Mambo yalibadilika Cadillac ya mwaka 1912 ilipotoka na stata ya umeme aliyoibuni Charles Kettering. Kuanzia hapo betri, dainamo na taa vikawa mfumo mmoja. Hata hivyo fyuzi zilibaki chache. Land Rover nyingi za miaka ya 1950, zile zilizopanda milima ya Karagwe na kuteremka hadi ziwani, zilikuwa na fyuzi mbili tu. Kando yake kulikuwa na katauti, ambayo ndani yake ilikuwa na rilei: injini ikizunguka vya kutosha, rilei iliunganisha dainamo na betri, injini ikilala, iliitenganisha ili betri isimwagike kurudi kwenye dainamo. Fundi mwenye bisibisi na kipande cha msasa wa kusafishia midomo ya rilei aliweza kuishi na gari kama hilo maisha yake yote.

Kahawa ilileta magari zaidi. Bei ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa nzuri, chama kikuu cha ushirika cha Bukoba kilianzishwa mwaka 1950, na malori yakapata kazi ya kukusanya magunia vijijini. Ufundi wa magari ulikua papo hapo, chini ya miti na kando ya barabara, kwa utaratibu wa kijana kukaa miguuni pa fundi mpaka naye aitwe fundi.

Kisha mambo yakageuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mwezi Oktoba 1978, mwezi mmoja tu baada ya makala ile ya Science, majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera hadi mtoni, na daraja la Kyaka likavunjwa. Vita vilikwisha mwaka 1979, lakini vilikuwa vimekula fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo, na bei ya mafuta ikapanda wakati huohuo. Vipuri viliadimika. Hali ilianza kulegea mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa wenyewe.

Hakuna nchi ambayo haina ule ujanja wa kuweka uzi wa waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi iliyoungua. Madereva wa Ulaya waliufanya, wa Marekani waliufanya. Ila mahali ambapo fyuzi haipatikani dukani kwa miezi, ujanja hugeuka kuwa kanuni, na kanuni ya wakati wa dhiki hurithishwa hata dhiki ikiisha. Leo fyuzi ni kitu cha bei ndogo kuliko chakula cha mchana, na bado utakuta uzi wa shaba umekunjwa vizuri kwenye nafasi yake, umewekwa na mtu aliyefundishwa na mtu aliyekuwa hana la kufanya.

Tuseme waya wa redio umechubuka chini ya zulia la gari na unagusa bodi. Fyuzi ya ampia 10 ikiwa mahali pake, itakatika: ikipitiwa na mara mbili ya kiwango chake, haimalizi sekunde nyingi. Redio inanyamaza na gari linaendelea. Ukiweka uzi wa shaba, redio haitapata nafuu, maana shoti iko palepale. Kilichobadilika ni mahali pa kuyeyukia. Ule udhaifu ambao Breguet aliuweka mahali anapopaona umehama, na sasa sehemu dhaifu kuliko zote ni waya mwenyewe, uliofungwa pamoja na wenzake ndani ya mpira, chini ya zulia, chini ya miguu ya abiria. Betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampia bila kuuliza. Gari huwaka moto kwa njia hiyo, na ukiwaona waliosimama kando yake barabarani, mara nyingi utawasikia wakisema tu kwamba lilikuwa na hitilafu ya umeme. Hitilafu ilikuwapo, na kulikuwa na kifaa cha kuitangaza mapema, kilinyamazishwa.

Mwaka 1976 kampuni ya Littelfuse ya Marekani ilileta fyuzi ya bapa yenye miguu miwili na mgongo wa plastiki, na hiyo ndiyo iliyoenea duniani kote badala ya kichupa cha kioo. Rangi zake ni lugha moja kila mahali: kahawia iliyopauka ni ampia 5, kahawia iliyokolea 7.5, nyekundu 10, buluu 15, njano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30. Namba hizo hazipimi ubora wa fyuzi. Zinaeleza unene wa waya unaolindwa, na ndiyo maana kuweka ya 30 mahali pa 10 "ili isiungue tena" ni ndugu wa ule uzi wa shaba.

Mgongoni mwa fyuzi hiyo kuna vitobo viwili vidogo ambavyo wengi hawavitambui. Ni vya kupimia. Gusa kila kimoja kwa taa ya kupimia, waya wake mwingine ukiwa kwenye bodi ya gari na switchi ikiwa imewashwa. Taa ikiwaka pande zote mbili, fyuzi ni nzima, tafuta kwingine. Ikiwaka upande mmoja tu, fyuzi imekatika, na swali linalofuata ni kwa nini. Isipowaka pande zote, umeme haujafika pale. Hapo ndipo rilei inapoanza kushukiwa. Katika magari mengi ya Japani rilei ya honi na baadhi ya zile nyingine hufanana kabisa, kwa hiyo fundi huzibadilishana ili kujua iliyokufa. Maandishi ya kifuniko nayo husomeka yakizoeleka, hata kwenye gari lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani: DOME ni taa ya darini, EFI ni mfumo wa kupulizia mafuta, ECU-B ni umeme wa kontroli boksi usiozimwa na ufunguo.

Ukiigeuza rilei chini juu, utaona namba kwenye miguu yake. Toyota hutumia 1, 2, 3 na 5. Rilei nyingine zina 30, 85, 86 na 87: 30 ni umeme unaotoka kwenye betri, 85 na 86 ni miguu ya sumaku, 87 ni njia ya kwenda kwenye taa au honi. Hizo ni namba za viwango vya Ujerumani. Kijana anayejifunza kazi katika gereji ya Kishanda huzikariri kabla hajajua zinatoka nchi gani, naye yuko safari fupi tu kutoka mahali ulipoanguka mnara wa Wajerumani.

Kizazi kijacho cha magari kinaviondoa vifaa hivi. Katika Tesla Model 3, iliyoanza kuuzwa mwaka 2017, sehemu kubwa ya fyuzi na rilei za kawaida imebadilishwa na saketi za kielektroniki zinazokata umeme zenyewe na kujirudisha. Ni salama, na huwezi kuzidanganya kwa karatasi ya sigara. Lakini pia hazina kitobo cha kupimia. Uamuzi wa kitu gani kife kwanza umeingia ndani ya programu, na wa kuuona ni yule mwenye kompyuta inayoruhusiwa kuongea na gari. Mafundi waliojifunza kwa macho, kwa sikio na kwa taa ya kupimia watabaki wamesimama nje ya mlango.

Magari hayo bado hayajafika kwa wingi kwenye barabara ya Muleba. Yatakuja kwa njia yaliyokujia mengine, yakiwa yametumika kwingine miaka kumi au zaidi. Mpaka wakati huo kifuniko cheusi bado kinafunguka kwa vidole viwili, na ndani yake kila kifaa kiko tayari kueleza kazi yake. Swali la kumuuliza fundi anapokuonyesha fyuzi iliyoungua si bei ya mpya, ambayo ni ndogo. Muulize imeungua kwa sababu gani, na usiondoke mpaka akuonyeshe waya.